Hofu ya vumbi la kioo, na moshi tunaouachia upite

Vijana wa Malindi wamepata hofu mpya. Mwenye kiko cha kioo akikigonga kiganjani, kikadondoka kitu kinachometameta, hukumu imekwisha kupita: "Hilo vumbi la kioo, litakukata mapafu." Video zinatumwa kwenye WhatsApp, na shangazi zangu wa Shela na Barani hunitumia mimi niwathibitishie, kwa kuwa walau nimefanya kazi maabara.

Sipendi kumcheka mtu anayeogopa kitu cha kuvuta. Kuogopa ni mwanzo mzuri. Ila hofu hii imemkamata mwenye kosa dogo, na mwenye kosa kubwa anapita mbele yetu mchana kweupe.

Tuanze na hicho kinachometa. Chembe inayoonekana kwa macho ni kubwa mno kufika ndani kabisa ya mapafu. Unywele wa mtu una unene wa kama mikromita 70, na mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe inayoteremka mpaka kwenye vifuko vya hewa, kule damu inakochukulia oksijeni, kwa kawaida haizidi mikromita 4 au 5, na hiyo huioni kiganjani hata uitafute juani. Zile kubwa hunaswa na makamasi puani na kooni, zikatemwa au zikamezwa. Zinawasha, zinakohoza, mwenye pumu anaweza kubanwa. Si jambo la kufurahia, lakini si mapafu kukatwakatwa kama nyama ya mishikaki.

Ugonjwa ambao watu wanauogopa bila kuujua jina ni silikosisi, yaani mapafu kuota makovu kwa sababu ya vumbi. Unaletwa na madini yaitwayo silika, yale yenye fuwele, hasa kwatzi, ambayo imo kwenye mchanga na mawe mengi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka mwaka 1997 katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Kioo nacho hutokana na mchanga, lakini mchanga ukishayeyushwa ukapoa kuwa kioo, zile fuwele hazipo tena. Kwa hiyo vumbi lake halina ubaya ule wa kwatzi, ingawa hakuna vumbi linaloyafaa mapafu.

Wala kiberiti cha gesi hakikigeuzi kioo kuwa mvuke ukauvuta. Kinachotokea ni kupasuka, hasa kioo cha kawaida cha chupa na dirisha, kisichovumilia moto upande mmoja na ubaridi upande wa pili. Kile chenye boroni, alichokibuni Otto Schott huko Ujerumani katika miaka ya 1880, kinastahimili zaidi, ndiyo maana maabara hutumia hicho. Viko vya uchochoroni havikuambii vimetengenezwa kwa kipi.

Hapo kwenye kupasuka ndipo ninapoogopa mimi. Mdomo wa kiko ukimeguka, mwenyewe hakitupi. Anatafuta msasa, au anausugua kwenye saruji ya kizingitini mpaka makali yafe, anapuliza, anafuta kwa shati, anawasha. Chenga zimebaki ndani ya kijibomba kile, na kiko kidogo hakina maji ya kuzizuia. Akivuta kwa nguvu zinafuatana na pumzi. Shisha ina nafuu kwa hili tu, kwamba chupa iko chini na chenga zikidondoka zinalala ndani ya maji. Mtu akipaliwa ghafla, kikohozi kikakataa kukatika au kifua kikalia filimbi, msimpe ndizi wala tonge la ugali "lisukume". Apelekwe hospitali na aseme waziwazi kuwa ni kioo, maana kioo kwa kawaida huonekana kwenye eksirei. Aibu ya kusema ulikuwa unavuta nini itashughulikiwa baadaye.

Kuna jambo jingine dogo ambalo sijasikia likisemwa. Nyuma ya mkahawa mmoja nilimkuta kijana akiosha chupa za shisha. Anatia gao la mchanga, maji kidogo, sabuni ya unga, anaziba mdomo wa chupa kwa kiganja na kutikisa kwa nguvu mpaka madoa ya manjano yanaachia. Nikamuuliza mchanga wa wapi. "Wa hapahapa ufuoni, kaka." Sasa mchanga wa ghuba ya Malindi huletwa na Mto Sabaki kutoka bara, na una kwatzi, ambayo ni ngumu kuliko kioo. Kila anapotikisa anakikwaruza kwa ndani, na nyufa huanzia kwenye mikwaruzo kama hiyo. Mchanga mweupe wa Watamu kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, nao ni laini kuliko kioo. Kama hana budi kutumia mchanga, huo ungemsitiri zaidi, na brashi yenye mpini mrefu ingemsitiri kuliko yote. Nilimweleza. Akacheka, akaendelea kutikisa.

Turudi kwenye moshi, nao sitaukalia sana kwa sababu habari yake haina fumbo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2005 kwamba kikao cha shisha cha saa moja kinaweza kumwingizia mtu moshi wenye ujazo wa mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Juu yake kuna makaa, na makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko chumbani. Maji yanaupoza moshi tu, hayautakasi. Serikali ilipiga marufuku shisha Desemba 2017. Januari 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, ikawaachilia watu 48 kwa kuwa kanuni ile haikupelekwa bungeni inavyotakiwa. Watu wakazungumza sheria wiki nzima, mapafu hayakutajwa. Wazee wa Lamu walivuta kwa kiko cha kifuu cha nazi, malio yake yakisikika barazani, bila kioo wala chenga, na moshi haukuwaonea haya.

Wanaovutia unga wa kulevya kwenye balbu iliyovunjwa ni habari nyingine. Kwao kioo ndicho kidogo kabisa katika orodha ya hatari, na anayetaka mlango wa kutokea, Omari Project, shirika la kuwasaidia watumiaji wa dawa za kulevya, lipo hapa Malindi tangu 1995.

Mtu anayelila vumbi la kioo kwelikweli hata havuti. Ni fundi. Hoteli na nyumba za wageni zina chupa tupu za mvinyo zisizokwisha, na kuna vijana wanaozikata ziwe bilauri, vinara vya mishumaa na taa. Chupa ikishakatwa, mdomo wake lazima unolewe, na wengi wananoa pakavu, kwa grinda, ndani ya kibanda cha mabati. Nimesimama mlangoni mwa kimoja. Fundi alikuwa na nyusi nyeupe mithili ya aliyetoka kinuni, kikoi kimefungwa puani, na kikombe cha chai ya rangi kando yake kina utando juu. Grinda inasaga kuwa unga mwembamba, ule nilioutaja usioonekana, saa baada ya saa. Kikoi kinazuia chenga, unga huo kinaupitisha. Jioni anafagia pakavu, vumbi lote linanyanyuka tena.

Dawa yake inajulikana: kunoa kwenye maji, ili unga ubaki tope. Lakini asije mtu akamwagilia maji grinda ya kawaida ya umeme, atakufa kwa shoti kabla ya mapafu kuharibika. Kuna mashine za kunolea zilizotengenezwa kwa maji, na kuna msasa wa maji wa kusugulia kwa mkono, kazi ya polepole. Barakoa ya N95 iliyobana uso. Kudeki badala ya kufagia. Na wale wanaochora maua kwenye vioo vya bafu kwa kupuliza mchanga kwa mashine wako kwenye hatari kubwa kuliko wote, kwa sababu hapo kinachopaa ni kwatzi yenyewe. Uingereza ilikataza mchanga wa namna hiyo kwenye kazi ya kupulizia kwa kanuni za 1949.

Yule fundi aliniambia barakoa ikilowa jasho hapumui, na mteja anataka bilauri sita kwa bei ya mbili. Simlaumu. Taa za chupa zinauzwa kwa watalii kama kazi ya kuokoa mazingira, tena kwa euro, na bei ile ina nafasi ya kutosha ya katoni ya barakoa na mashine ya maji. Nilimwambia hivyo mwenye duka mmoja anayezinunua kwake. Alikubali kila neno, akasema atalifikiria msimu ukiisha.