Mwandishi huru wa riwaya pendwa Dar: anajitegemea au ametelekezwa?

Ukiwasikiliza wadau wa vitabu hapa Dar es Salaam utadhani kuna kambi mbili zisizosalimiana. Moja inasema mwandishi wa riwaya za upelelezi, mapenzi na kutisha hajawahi kuneemeka kama sasa: ana simu, ana wasomaji, ana lipa namba, na hana haja ya kumwamkia mchapishaji yeyote. Nyingine inasema uhuru huo ndio unaoiua riwaya pendwa, kwamba kila mwenye bando siku hizi ni mtunzi, na tunaletewa simulizi zisizo na kichwa wala miguu. Nimesoma kazi za pande zote. Kila kambi imeshika sehemu ya ukweli, ila sehemu hizo hazilingani uzito.

Nianze na wanaowalaumu waandishi kwa kuwakimbia wachapishaji. Hapa historia haiwasaidii. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyomtambulisha mpelelezi Bwana Msa, ilitolewa mwaka 1960 na East African Literature Bureau. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ikafuata mwaka 1965 kupitia mlango huohuo. Ilikuwa taasisi yenye fedha na wahariri, kazi ya mtunzi ikawa kutunga. Baadaye mambo yalibadilika, na kufikia miaka ya 1980 watunzi kadhaa wa jiji hili walikuwa wanajichapisha wenyewe au kupitia vikampuni vyao. Marehemu Ben Mtobwa, mtunzi wa riwaya za mpelelezi Joram Kiango, alikuwa na kampuni yake ya Heko. Kwa hiyo anayesema kujichapisha kumeletwa na WhatsApp amechelewa kufika kikaoni.

Na wachapishaji wenyewe tusiwaonee. Tangu sera ya vitabu ya mwaka 1991 ilipofungua mlango wa vitabu vya kiada kwa kampuni binafsi, hesabu zao zilitegemea shule. Kitabu cha darasani kilileta fedha ya uhakika, na fedha hiyo ndiyo iliyoweza kumbeba mtunzi mmoja au wawili wa riwaya ambao soko lao halitabiriki. Mwaka 2013 Serikali ikairudisha kazi ya vitabu vya kiada kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Unaweza kuitetea hatua hiyo kwa sababu za kielimu, lakini iliondoa nguzo mojawapo iliyokuwa imeshikilia paa. Mchapishaji aliyebaki anakuuliza swali moja tu: hiki kitaingia shuleni? Riwaya ya mpelelezi anayelala na mke wa mtuhumiwa haiingii shuleni.

Kwa hiyo mtunzi akaenda kwenye simu. Mtindo wake wengi tunaujua. Sehemu kumi za mwanzo zinawekwa Facebook bure. Ya kumi inakatika pale mlango unapogongwa saa nane usiku na mwenye nyumba ana hakika aliyeko nje alizikwa juzi. Chini yake: “Kupata mwendelezo tuma 2,000 kwenye namba hii, kisha nitumie jina lililotokea kwenye muamala.” Ukishatuma unaingizwa kwenye grupu. Ukichelewa kulipia msimu wa pili, unatolewa bila kuagwa.

Kambi ya kwanza ina haki ya kujivunia mtindo huu, maana hesabu yake inaeleweka. Tuchukulie wasomaji 400 wamelipa 2,000 kila mmoja: hiyo ni 800,000, na mtunzi hajanunua hata rimu moja ya karatasi. Sasa tuchukulie ameamua kuchapa kitabu. Nakala 500 kwa 6,000 kila moja ni milioni 3, na mchapaji anataka sehemu kubwa ya fedha mezani kabla mashine haijawashwa. Anapeleka dukani kwa mali kauli, bei ya mezani 15,000, duka linachukua theluthi. Kila nakala inamrudishia 10,000, maana yake nakala 300 za kwanza zinarudisha mtaji tu. Hapo bado bodaboda wa kupeleka kitabu kimoja Tegeta, bado kifurushi cha kupakiwa basi la Mbeya pale kituo cha Magufuli, na bado msomaji anayepiga simu kuuliza, “Mwandishi, mzigo wangu uko wapi?” Jioni akikaa aandike, ameshakuwa karani wa stoo.

Kwa upande wa fedha, basi, sina ugomvi na mtu wa simu. Ugomvi wangu uko kwenye hadithi yenyewe.

Simulizi ya kila siku inamlazimisha mtunzi atafute mwisho wa leo, siyo mwisho wa riwaya. Kila sehemu lazima ikatikie pabaya, la sivyo kesho watu hawarudi. Msomaji akiipenda, mtunzi hana sababu ya kuimaliza, kwa hiyo anaongeza pacha aliyepotea, mganga, na mjomba kutoka Sumbawanga. Inspekta aliyepigwa risasi ya bega sehemu ya 14 anaonekana sehemu ya 31 akibeba gunia la ushahidi kwa bega lilelile. Muuaji anafichuliwa mwishoni, na ukirudi nyuma kutafuta dalili zake huzioni, kwa sababu mtunzi mwenyewe alimjua wiki hiyohiyo. Kwenye upelelezi hilo ni kosa kubwa kuliko sarufi. Msomaji wa fani hii amelipa ili ashindane na mpelelezi. Ukimficha karata zote umemdhulumu.

Watetezi watasema simulizi za mfululizo hazikuanza leo, na ni kweli. Magazeti ya udaku ya jiji hili yaliishi kwazo, na hadithi za Eric Shigongo zilikuwa na watu waliolinunua gazeti kwa ajili yake tu. Lakini gazeti lilikuwa na mhariri. Hata kama alikuwa anakata tu ili hadithi ienee kwenye ukurasa, alikuwepo mtu wa pili aliyeisoma kabla yetu. Kwenye grupu la WhatsApp msomaji wa kwanza ni mteja aliyelipa, na mteja akilalamika anajibiwa na mashabiki.

Hapo ndipo ninapoegemea. Mchapishaji alipoondoka watu walililia jina lake kwenye jalada, kumbe kilichokuwa na thamani kwake ni mhariri. Kila kingine mtunzi anaweza kukinunua mtaani: fundi wa jalada yupo, wa kupanga kurasa yupo, na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Mhariri wa riwaya pendwa, yule wa kukuambia sura ya tatu yote ni ya kutupa, ni adimu, na akipatikana ndiyo gharama ya kwanza kukatwa.

Wizi nao upo. PDF ikishatoka kwenye grupu moja imetoka, na kuna watu wanaosoma hadithi za wenzao YouTube kwa sauti nzito wakikusanya fedha za matangazo. Ofisi ya Hakimiliki inasajili kazi, lakini nani atafungua kesi kwa ajili ya faili la shilingi 2,000? Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022, imeleta heshima na fedha kwa wachache kila mwaka. Majaji wanampa mtunzi nafasi yake kwenye orodha. Kukaa naye juu ya mswada siyo kazi yao.

Ushauri wangu kwa mtunzi wa simu ni wa kifundi tu. Uza mfululizo, kula fedha yake, wala usione haya. Ila siku ukitaka kuchapa, usiyanakili yale ya WhatsApp yakawa kitabu. Umoja wa Waandishi wa Riwaya wenye Dira, UWARIDI, umeonyesha kwamba watunzi wanaweza kukaa pamoja; basi wawili watatu wabadilishane miswada, kila mmoja na kalamu nyekundu, na wakubaliane mapema kwamba hakuna kununiana. Mswada ukirudi na kurasa 80 pungufu, bei ya uchapaji nayo imeshashuka.