Kanuni ya Tatu

Sikukuu ya Idd iliyopita tulikusanyika binamu kumi kwenye baraza la bibi yetu, Ngamiani, Tanga, kila mmoja na simu yake, ili tucheze PUBG Mobile katika chumba chetu wenyewe ndani ya mchezo, kisichoingiliwa na wageni. Mchezo huo, uliofika kwenye simu mwaka 2018, hauhitaji maelezo marefu: mnaruka kutoka kwenye ndege kwa miavuli, mnaokota silaha majumbani, kisha mnauana hadi abaki mmoja, naye kioo humpongeza kwa mlo wa kuku. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wao, na nimekwisha kuchoka na michezo inayoishia kwa kununiana, niliandika kanuni tatu kwenye karatasi ya daftari na kumtaka kila mmoja atie saini.

Ya kwanza ilikataza kuungana kisirisiri, maana kila mtu anapigana peke yake. Ya pili ilikataza kuchungulia simu ya jirani, jambo ambalo kwa watu walioketi jamvi moja linahitaji uchamungu. Ya tatu ndiyo niliyoihubiri hadi koo likanikauka: ni marufuku kujibanza ndani ya nyumba moja zaidi ya dakika mbili. Uwanja wa Erangel una kilomita 8 kwa 8, umetengenezewa watu 100, kwa hiyo kumi wakianza kuviziana nyuma ya milango watamaliza sikukuu bila kuonana. Atakayevunja kanuni angewanunulia wenzake kuku wa kuchoma.

Nilitua Pochinki, mji ulio katikati ya uwanja huo, nikapigwa risasi mbili kabla sijaokota hata kofia, nikakimbilia bafu la nyumba ya karibu, nikafunga mlango na kuanza kujifunga bendeji. Hapo ndipo sauti ilipotoka uani: "Mume wangu, njoo uniteremshie sufuria la pilau!" Bibi yangu akimwita mjukuu mume wake, mjukuu hana la kujibu isipokuwa kwenda. Nikailaza simu jamvini, uso juu, nikaondoka.

Niliporudi niliwakuta binamu wanane, wote wamekwisha kufa, wameizunguka simu yangu kama watu wanaotazama kisima. Kioo kilionyesha ukuta wa bafu, ukuta ule ule. Duara la buluu, ambalo humwumiza kila anayebaki nje yake, lilikuwa limepungua na kupungua hadi likaizunguka nyumba yangu, na kwa bahati hiyo ya kipuuzi nilikuwa mmoja wa wawili waliobaki hai. Niliinyakua simu, lakini vidole vyangu vilikuwa na mafuta. Nilipotaka kufungua mlango nikagusa bomu, nikalitupa ukutani, likanirudia miguuni. Binamu yetu wa miaka kumi na mmoja, aliyekuwa akinisaka kwenye nyumba ya pili, alishinda bila kujua ameshinda kwa nini.

Karatasi ikaletwa. Kanuni ya tatu ikasomwa kwa sauti, kwa mwandiko wangu, pamoja na saini yangu, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa kubwa kuliko zote. Nilijitetea kwamba aliyejificha ni simu, mimi mwenyewe nilikuwa jikoni nikimtumikia mzee, na nikaomba shahidi wangu aitwe.

Bibi alitoka akipangusa mikono kwenye leso, akasikiliza mashtaka yote kwa makini, akathibitisha kwamba ni kweli nilimteremshia sufuria. "Hilo halikuchukua hata dakika," akasema. "Muda wote uliobaki alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlango wa jiko, anakula ukoko wangu, akidhani simwoni."

Nilinunua kuku watatu. Nilipokuwa nikitoka getini bibi aliniita tena, akanikumbusha kwamba shahidi naye hula, na kwamba yeye hupenda paja.