Mdagu hautaki huruma ya maji

Naishi Kilifi, mwendo mfupi kutoka baharini, na uani kwangu ni kichanga kitupu. Ukimwaga ndoo ya maji, hujageuka mchanga umeshayanywa yote. Majirani wamenishauri mara nyingi ninunue lori la udongo mwekundu, niumwage juu, kisha nipande nyasi. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Mtaani kwetu mfereji ukikauka tunanunua maji kwa mtungi. Siwezi kunywesha nyasi maji ambayo watu wanayapangia foleni.

Nilichopanda ni mdagu. Wengi wanaujua kwa jina la waridi la jangwani, na wanadhani asili yake ni Thailand, kwa sababu kwenye vitalu wanaona ile iliyopandikizwa, yenye maua ya petali nyingi, ndani ya vyungu vya kauri. Kweli Thailand na Taiwan wameuendeleza sana. Lakini mmea wenyewe ni wa kwetu: unaota wenyewe kwenye vichaka na nyika za Kenya na Tanzania, unapanda hadi Somalia na kuvuka bahari hadi Uarabuni. Ni katika safari ya Yemen ambapo Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, aliuandika kwenye kumbukumbu zake kabla hajafa kwa malaria huko huko mwaka 1763, na jina la kitaalamu, Adenium, linasemekana limetokana na Aden, mji wa huko Yemen. Inaniuma kuona tunauziwa kwa bei kubwa, kama kitu cha ugenini, mmea ambao bibi zetu walikuwa wakiupita njiani wakienda kutafuta kuni.

Shina lake limevimba chini kama mtungi, na ndiyo akiba yake ya maji. Jua likizidi hupukutisha majani, hubaki matawi matupu, halafu juu ya matawi hayo hayo hufungua maua ya rangi ya waridi. Kichanga ndicho kinachoufaa, maana maji hayatuami kwenye mizizi. Kinachouua ni maji.

Wa kwanza niliuua mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa tano, masika imekolea, nami bado namwagilia kila jioni kwa mazoea. Asubuhi moja nikalibonyeza shina, kidole kikazama kama kwenye papai lililopitiliza kuiva, na harufu ya uvundo ikanijia puani. Tangu siku hiyo natengeneza kwanza tuta la kichanga na kokoto, nachanganya viganja viwili vya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na naupanda palipo na jua la kutwa. Kiangazi naupa kopo moja kwa wiki. Masika ikianza siugusi.

Wenye watoto wadogo wajue kwamba utomvu wake ni sumu inayodhuru moyo. Jamii kadhaa za Afrika ziliutumia kwenye mishale. Ukikata tawi, vaa glavu na unawe kwa sabuni.

Jambo ninalolipinga kwa nguvu zote ni kung'oa midagu mikubwa porini ili kupamba mageti. Mmea uliokaa miongo mwituni unang'olewa kwa jembe asubuhi moja, na mwingi huoza kabla haujashika. Wakati mbegu zipo! Hukaa ndani ya maganda mawili yaliyoungana kama pembe za ng'ombe. Yakikauka hupasuka, na mbegu, zenye manyoya ncha zote mbili, hupeperuka na upepo. Kwa hiyo nayafunga uzi mapema. Mbegu ambayo haijakaa sana huchipua kwa wiki moja hivi, na mche wa mbegu ndio unaonenepa shina vizuri. Wa tawi mara nyingi hubaki mwembamba. Wangu wa kwanza wa mbegu ulitoa ua baada ya miaka miwili.

Sasa hivi nina maganda mawili yaliyofungwa uzi mwekundu, na mtoto wa jirani ameshaniletea makopo matatu, yote ameyatoboa chini kwa msumari.