Mzunguko wa mabonde haupimwi kwa kilomita

Waendesha baiskeli tukikutana, swali la kwanza ni lile lile: umepiga kilomita ngapi? Kwenye barabara tambarare ni swali la haki. Kwenye nchi ya mito na vilima linapotosha, na naamini ndilo linalowafanya wengi wachoke nusu ya njia na kudhani miguu yao haifai.

Tazama Ardennes, mashariki mwa Ubelgiji. Sehemu ya juu kuliko zote katika nchi hiyo, Signal de Botrange, ina mita 694 tu. Lakini mashindano ya Liège–Bastogne–Liège, yaliyoanza mwaka 1892 na ambayo siku hizi yana kilomita zipatazo 250, humpandisha mwendeshaji zaidi ya mita 4,000 kwa jumla. Mita hizo zimetoka wapi ikiwa hakuna mlima mrefu? Zimetoka mtoni. Mito kama Ourthe na Amblève imechimba mabonde kwenye uwanda wa juu, na barabara inayoyakatiza hushuka mpaka darajani, ikapanda ng'ambo ya pili, kisha ikashuka tena. Kilima cha La Redoute kina kama kilomita 2 tu, ila wastani wa mwinuko wake unakaribia asilimia 9, yaani mita 9 za kupanda kwa kila mita 100 za njia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 80, kupanda mita 100 kunadai nishati ya kilojuli 78 hivi. Ukikanyaga kwa wati 200, hiyo ni dakika sita na nusu, bado hujahesabu upepo. Mzunguko wenye mita 2,000 za kupanda utakula zaidi ya saa mbili kwa kupanda tu, hata kama kwenye ramani unaonekana mfupi.

Na usitegemee mteremko ukulipe. Chini ya bonde, pale ambapo kasi ingekusaidia kuanza kilima kinachofuata, ndipo penye kona na daraja jembamba. Ni kivulini, lami ina unyevu, majani yameganda ukingoni. Breki inashikwa kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado imesimama wima, kisha unaiachia, macho yakitazama unakotokea. Gia nyepesi iwekwe hapo hapo, pedali zikiwa bado laini. Ukisubiri mpaka kilima kikubane, mnyororo unalalamika, unarukaruka kwenye meno, na kasi yote imekwisha.

Ndiyo maana sipendi njia zinazopangwa kwa kusaka vilima vikali kama kuta tu, kimoja baada ya kingine. Mzunguko mzuri unaupa mto nafasi yake: unapanda bonde moja, unavuka kilima kimoja au viwili, kisha unarudi kwa bonde jingine.

Mimi huanza kwa kupanda kuelekea chanzo cha mto, miguu ikiwa mipya. Barabara ya kando ya mto hudanganya macho. Asilimia moja ya mwinuko huioni, unaisikia mapajani tu. Ukiwa na shaka, tazama maji. Yakija kukukabili, unapanda, kwa hiyo punguza gia bila aibu. Saa za mwisho ziachie upande ambao maji nayo yanaenda.