Vibonyezo vya Gia Kwenye Usukani: Cha Kushoto Ndicho Chenye Kazi

Wengi wanaomiliki gari la otomatiki lenye vibonyezo vya gia nyuma ya usukani huvichezea siku za mwanzo, wakafurahia mlio wa injini, kisha wakavisahau kabisa. Wengine huamini kwamba vimewekwa kwa ajili ya wapenda mwendo kasi. Maoni yangu ni tofauti: vina kazi ya maana katika uendeshaji wa kila siku, na karibu kazi hiyo yote hufanywa na kibonyezo cha kushoto, kile chenye alama ya kutoa, kinachoshusha gia.

Ni kweli kwamba vilianzia kwenye mashindano. Mwaka 1989 Ferrari iliingia msimu wa Formula One na gari lake la 640, lililobuniwa na John Barnard, ambalo dereva alibadilisha gia kwa vidole bila kuuachia usukani, na Nigel Mansell akashinda nalo mbio za kwanza kabisa za gari hilo, nchini Brazil. Katika gari lile, dereva asipovuta kibonyezo gia haibadiliki. Gari la otomatiki tunaloendesha sisi ni jambo jingine. Humo kuna kompyuta inayopima mwendo, mzigo wa injini na namna unavyokanyaga mafuta, na ukivuta kibonyezo unakuwa umeiomba ikubadilishie gia. Ukiomba gia ambayo ingeizungusha injini kupita kiwango chake, ombi hukataliwa. Kwa hiyo ile hofu kwamba kidole kimoja kikikosea giaboksi itapasuka haina msingi.

Kwa sababu hiyohiyo sioni faida kubwa ya kupandisha gia kwa mkono katika safari za kawaida. Giaboksi za siku hizi zina gia 6, 8, hata 10, na kompyuta huzipandisha mapema ili kubana mafuta. Dereva anayejipangia gia mwenyewe kutwa nzima mara nyingi hukawia kupandisha, injini ikaunguruma bure na mafuta yakaenda. Kwenye msongamano wa magari, weka D, yaani uendeshaji wa otomatiki, ushughulike na barabara.

Habari hubadilika mteremko unapoanza. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, giaboksi nyingi hudhani unataka utulivu, zikabaki gia ya juu, ambayo hulishikilia gari kidogo sana. Gari linaongeza kasi, dereva anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga tena, na mteremko ukiwa mrefu anaishia kuweka mguu juu ya breki moja kwa moja. Breki kazi yake ni kuugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo lisipopata nafasi ya kupoa hujikusanya kwenye diski na pedi. Pedi zikipata moto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika. Mafuta ya breki nayo yakifikia kuchemka hutoa mapovu, na kwa kuwa mapovu hubonyea, pedali huzama chini bila gari kupunguza mwendo. Hapo ndipo ajali nyingi za mteremkoni zinapozaliwa, na inaniuma kuona dereva akinusa harufu ya pedi zinazoungua ilhali vidole vyake viko karibu kabisa na kile ambacho kingemsaidia.

Chukua gari linaloshuka kwa kilomita 70 kwa saa, mshale wa injini ukiwa karibu na mizunguko 1,500 kwa dakika. Vuta kibonyezo cha kushoto mara moja: namba ya gia inatokea kwenye dashibodi, mshale unapanda kidogo, na unahisi gari likivutwa nyuma taratibu. Vuta tena, mshale unapanda zaidi na mvuto unaongezeka. Gia uliyokuwa ukiitafuta ni ile inayoliacha gari literemke kwa mwendo unaoutaka huku breki ikiguswa mara chache tu. Mlio utakuwa mkubwa kuliko uliouzoea, na hapo wengi huogopa wakarudisha gia juu. Hakuna cha kuogopa. Injini ya petroli inayozunguka mara 3,500 kwa dakika bado iko mbali na mstari mwekundu, yaani kikomo cha mzunguko wake, na katika injini nyingi za kisasa, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, nayo inayapinga. Kelele hiyo haikugharimu tone.

Muhimu zaidi ni wakati wa kufanya hivyo. Shusha gia kabla ya kuingia mteremkoni, kwa sababu gari likishachanganya kasi kompyuta inaweza kukunyima gia ya chini kwa kuilinda injini. Mteremko ukiwa mrefu, usitegemee kuvuta kibonyezo ukiwa katika D peke yake, kwani magari mengi baada ya muda mfupi hurejea yenyewe kwenye otomatiki. Peleka wenzo wa gia kwenye M (gia za mkono) au S (mwendo wa kimichezo), kulingana na gari lako, ndipo gia ikae ulipoiweka. Kumbuka pia kwamba taa za breki haziwaki injini inapopunguza mwendo. Aliye nyuma yako haoni dalili yoyote, kwa hiyo gusa breki kidogo kumjulisha.

Kazi nyingine ni ndogo ila inafaa. Unapojiandaa kulipita lori, badala ya kukandamiza mafuta hadi chini na kungoja giaboksi ifikirie, shusha gia moja au mbili kabla hujatoka kwenye njia yako. Nguvu itakuwa tayari unapoihitaji, na usipoona nafasi unarudi bila papara. Kwenye barabara yenye utelezi nashauri tahadhari: gia zikishushwa mbili kwa mkupuo, magurudumu yanayoendesha yanaweza kupoteza mshiko. Na kwa kuwa katika magari mengi vibonyezo huzunguka pamoja na usukani, usianze kuvitafuta katikati ya kona kali. Maliza kuchagua gia usukani ukiwa bado umenyooka.

Wenye magari ya CVT huniambia kwamba vibonyezo vyao ni pambo, kwa kuwa ndani hamna gia ila mkanda na puli. Ni kweli ngazi hizo ni za kuigiza, lakini puli zinapobadilishwa uwiano injini huzunguka kwa kasi zaidi na gari hushikiliwa vilevile. Katika baadhi ya magari ya umeme vibonyezo hivyo hupanga kiasi cha umeme unaorudishwa kwenye betri gari linapopunguza mwendo, na humo faida ni maradufu, kwani breki zinapumzika na betri inajazwa.

Kinachonisikitisha ni kwamba mnunuzi wa gari jipya huonyeshwa kwa makini namna ya kuunganisha simu na redio, lakini haambiwi neno kuhusu kibonyezo hiki. Anayeuza gari angempeleka mteja kwenye mteremko mmoja tu, amwambie avute cha kushoto mara mbili na kuondoa mguu kwenye breki. Dakika tano zingetosha.