Mgongo Wangu Haumo Katika Jedwali la Uchakavu

Asubuhi hii mimi mkulima nimepokea barua ya ofisi ya kodi inayoniita "mfanyabiashara mwenye kipato", cheo ambacho hata wanaonidai hawajawahi kunipa. Nilivaa koti, nikabeba daftari la mauzo, nikaenda kusikilizwa kwa heshima zote zinazonistahili.

Kijana wa dirishani alikuwa mpole, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. "Mzee wangu, kodi yako ni asilimia 3 ya mauzo." Nilimweleza kwamba katika kila 100 ninazouza hunibakia 5, hivyo hizo 3 ni zaidi ya nusu ya faida, na mwezi wa hasara nitakuwa ninailipia hasara yenyewe. Akanishauri nihamie kodi ya faida, ambako mishahara hutolewa kwanza. Nikawataja wafanyakazi wangu: mke wangu ni mhasibu, mama ni mlinzi kwa kuwa usingizi umemkimbia, na wanangu ni idara ya usafirishaji. "Hati zao za mishahara?" Mwanangu, tangu lini mama mzazi akapewa hati ya mshahara? Akaandika sifuri, kwa mwandiko mzuri ajabu. "Mitambo je? Trekta hupata punguzo la uchakavu: kila mwaka sehemu ya bei yake hutolewa kwenye faida kabla ya kodi." Nikamjibu kwamba sina trekta, nina mgongo, nao umechakaa vya kutosha, nikageuka ili aukague. Masikini, alilipekua jedwali mpaka ukurasa wa mwisho.

Mwanauchumi Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba kodi itozwe wakati unaomfaa mlipaji. Shamba letu huvunwa mara moja kwa mwaka, ilhali awamu za malipo ni nne. Uingereza ilipotangaza Oktoba 2024 kupunguza nafuu ya kodi ya urithi kwa mashamba, wakulima waliingia London na matrekta. Mimi ningekwenda na toroli, na hata hilo nimeliazima.

Jamani, sikatai kulipa! Nitozwe nilichopata, si fedha iliyopita tu mkononi mwangu ikielekea kwa muuza mbolea, nisubiriwe nivune, na jasho la watu wa nyumbani lihesabiwe kuwa gharama, kwa sababu ni gharama.

Niliporudi nilimweleza mke wangu kwamba, kwa mujibu wa fomu, yeye hafanyi kazi yoyote. Aliiweka kalamu mezani taratibu. Mpaka sasa hajaigusa, na hesabu zinatakiwa kesho kutwa.