Bunker Hill: tuamini barua za wakati ule au viapo vya wazee?

Anayesoma habari za pambano la Bunker Hill, lililopiganwa karibu na Boston 17 Juni 1775 kati ya wakoloni wa Marekani walioasi na jeshi la Uingereza, hukutana mapema na amri maarufu: msifyatue mpaka muone weupe wa macho yao. Wengine husema ni ya Kanali William Prescott, wengine ya Jenerali Israel Putnam, wote makamanda wa waasi. Lakini katika barua ya Prescott kwa John Adams ya 25 Agosti mwaka huohuo, amri hiyo haimo. Anasema tu kwamba aliwazuia watu wake hadi adui alipokaribia yadi 30 hivi, kama mita 27. Barua hiyo inasomwa bure kwenye tovuti ya Founders Online. Kwa upande mwingine kuna viapo ambavyo askari waliokwisha kuzeeka walitoa miongo kadhaa baadaye, walipoomba pensheni.

Wanaotaka tushike maandishi ya wakati ule pekee wana hoja nzito. Mwaka 1818 Henry Dearborn, aliyepigana pale, alichapisha maelezo ya kumshutumu Putnam, ambaye alikuwa ameshafariki. Mwanawe Putnam akajibu, na mabishano yakawaka. Mzee aliyetoa ushahidi baada ya hapo, ni vigumu kutenganisha alichokiona na alichokisoma.

Hata hivyo, ukaribu wa tarehe hautoshi. Jenerali Gage, kamanda wa Waingereza mjini Boston, katika taarifa yake rasmi kwa London ya 25 Juni, alidai kwamba askari wake waliwashinda watu zaidi ya mara tatu ya idadi yao. Faraghani alimwandikia Lord Dartmouth, waziri wa Uingereza aliyehusika na makoloni, kwamba waasi si kundi la hovyo kama wengi walivyodhani. Mwandishi ni yuleyule, wakati ni uleule. Aliyebadilika ni msomaji aliyekusudiwa. Kwangu, hesabu ya hasara zake, 226 waliouawa na 828 waliojeruhiwa, inaaminika zaidi: kila kikosi kilihesabu watu wake, na takwimu hizo zilimwaibisha yeye mwenyewe. Makadirio yake ya adui ndiyo ya kushuku.

Tena, ukivitupa viapo vya wazee, unawanyamazisha askari wa kawaida. Barua kama ile ya Peter Brown kwa mama yake, ya Juni 1775, ni chache. Mafaili ya pensheni, yaliyomo kwenye mikrofilamu M804 ya Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani, ni takriban 80,000. Sheria ya 1832 ilimtaka mwombaji aape na kueleza utumishi wake. Miezi sita ilimpa sehemu ya malipo, miaka miwili malipo kamili. Kwa hiyo shuku kwanza hesabu ya miezi, maana ndiko fedha ziliko. Jina la nahodha wake au mahali alipojeruhiwa, linganisha na orodha za kikosi.

Ombi la maofisa 14 la 5 Desemba 1775 linamsifu Salem Poor, askari mweusi aliyepigana hapo, kwa ushujaa, bila kueleza alifanya nini hasa. Masimulizi kwamba alimuua afisa fulani wa Uingereza hayatoki humo.

Unapotafuta, andika pia Breed's Hill, kilima ulikopiganwa mpambano wenyewe, na Charlestown, mji uliokuwa chini yake. Ukikosa jina la askari, jaribu la mjane wake, kwani sheria ya 1836 iliwafungulia mlango baadhi ya wajane. Jina likikosekana kabisa, usihitimishe kwamba hakuwepo: moto wa Novemba 1800 katika Wizara ya Vita uliteketeza maombi ya awali, na wengi walifariki kabla ya kuwa na haki ya kuomba.